Mwenye kisukari asiambiwe "fanya mazoezi" tu

Mjomba wangu alipopatikana na kisukari cha aina ya pili, alipewa vidonge, akaonywa kuhusu chai yenye sukari nyingi, kisha akaambiwa afanye mazoezi. Basi. Mwalimu huyo mstaafu alirejea nyumbani akidhani ameagizwa kukimbia kama wanariadha wa Iten. Magoti hayakumruhusu, akakaa kitako mwaka mzima.

Lawama si yake. Agizo lisilofafanuliwa ni vigumu kulitii.

Yafaa ieleweke kwamba mwili wa mgonjwa wa aina hii huwa ungali unatengeneza insulini, ila haifanyi kazi ipasavyo, na sukari hurundikana katika damu. Misuli inapofanya kazi huweza kuivuta sukari hiyo hata bila msaada wa insulini. Zaidi ya hayo, kwa siku moja hivi au mbili baadaye, misuli hiyo huiitikia insulini vyema zaidi. Ndiyo sababu wataalamu huhimiza zisipite siku mbili mfululizo bila mazoezi. Anayetembea Jumapili pekee, kufikia Jumatano faida imekwisha kuyeyuka.

Kiasi kinachopendekezwa ni dakika 150 kwa wiki za mwendo wa haraka, nao si lazima uwe wa mfululizo. Dakika 15 baada ya chakula cha jioni, wakati ugali unapoanza kugeuka sukari mwilini, zina manufaa makubwa. Kulima nako ni mazoezi, ingawa wapo wanaodhani kwamba bila kulipia ukumbi wenye vyuma hakuna lililofanyika.

Mnamo 2002, watafiti wa Marekani walitangaza matokeo kuhusu watu 3,234 waliokuwa katika hatari ya kupata ugonjwa huu. Waliopunguza uzito kwa mlo na mazoezi walipunguza hatari hiyo kwa asilimia 58. Waliomeza metformin, kwa asilimia 31.

Tahadhari zipo. Anayetumia insulini au glibenclamide aweza kushukiwa na sukari kupita kiasi, akatetemeka na kutokwa jasho jingi. Na abebe glukosi mfukoni. Mwenye miguu iliyokufa ganzi asitembee kwa kandambili, maana kidonda asichokihisi chaweza kumgharimu mguu.

Halafu atembee wapi, ikiwa vijia vya miguu mijini vimegeuzwa maegesho ya magari? Hilo madiwani wetu walijibu.

Mjomba sasa huenda sokoni na kurudi kila jioni, akiwa amevaa viatu vyake vya zamani vya shuleni. Vidonge angali anameza.