Mtoto wa Panga ya Saidi

Mtu anayetaka michoro ya kale ya mapangoni aende Kondoa, Tanzania. Huko kuna mapango na vivuli vya miamba zaidi ya 150 ndani ya kilomita za mraba 2,336, na kutani mwake wamechorwa twiga, tembo na watu wembamba kwa rangi nyekundu ya udongo. Mary Leakey aliinakili mingi mwaka 1951, na UNESCO ikaitia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Kilifi, kaunti ya pwani ya Kenya, haikujaliwa picha za namna hiyo. Mandhari inayo, tena ya kuringia. Mgeni anayeshukia Malindi hupelekwa kwenye nguzo ya Vasco da Gama, akazamia kuangalia samaki katika hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1968, akapita msitu wa Arabuko-Sokoke na magofu ya Gedi, na jioni akafikishwa Marafa kuona makorongo ya Nyari yakigeuka rangi jua linapozama. Kisha hurudi hotelini akidhani ameimaliza Kilifi.

Wachache sana hupinda kuelekea vilima vya Dzitsoni, kilomita kama 15 kutoka baharini, kwenye pango liitwalo Panga ya Saidi. Vilima hivyo ni vya mawe ya chokaa yaliyojijenga chini ya bahari zama za dinosaria, na maji ya mvua yamekuwa yakiyatoboa tangu yalipoinuka na kuwa nchi kavu. Wenyeji wamelijua pango hili tangu jadi. Ni mahali pa sala na sadaka, na watafiti walipoanza kufukua mwaka 2010 walilikuta likiheshimiwa hivyo. Walikuwa wataalamu wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, akiwemo Emmanuel Ndiema, pamoja na wenzao kutoka ng'ambo wakiongozwa na Nicole Boivin. Hawakuwa na haja ya kutazama kutani. Hazina ya pango hili iko sakafuni.

Sisi watu wa Pwani tumezoea kuianza historia yetu majini. Mwulize mtoto wa shule atakuanzia na pepo za kaskazi na kusi, majahazi, misikiti ya matumbawe, kisha Mreno anatia nanga Malindi mwaka 1498. Ni kweli yote hayo, na ni fahari yetu. Ila ni ukurasa wa mwisho kabisa. Kilichofukuliwa Dzitsoni kinaonyesha kwamba watu walikuwa wakiishi, wakitafuta riziki na wakilia wafu wao hapa miaka 78,000 iliyopita, na kwamba hawakuletwa na jahazi lolote.

Nianze na udongo wenyewe. Sakafu ya pango hupanda polepole sana: vumbi huingia, majani huoza, majivu ya moto hubaki, mawe madogo huporomoka kutoka darini. Kila kizazi hukaa juu ya takataka za waliotangulia. Watafiti walishuka tabaka baada ya tabaka, na katika makala waliyoichapisha mwaka 2018 waliorodhesha matabaka 19 yanayorudi nyuma miaka 78,000. Sehemu chache sana Afrika Mashariki zina kumbukumbu ndefu hivyo isiyokatika sana. Matabaka ya chini kabisa yana zana kubwa za mawe. Kuanzia miaka 67,000 hivi iliyopita zana zinakuwa ndogo, zikichongwa kwa mawe yenye chembe ndogo zaidi, labda kwa mishale na mikuki myepesi. Hata hivyo mabadiliko hayo si ya ghafla. Mtindo wa kale unatoweka, unarudi, unachanganyika na mpya. Waliozoea kusikia kwamba akili ya binadamu ilizuka siku moja kama radi watapata tabu kidogo hapa.

Jambo jingine lililowashangaza wanasayansi ni mazingira. Kwa miaka mingi simulizi la chimbuko la mtu lilitoka kwenye nchi kame za Bonde la Ufa au fukwe za Afrika Kusini. Panga ya Saidi iko mpakani mwa msitu wa kitropiki na mbuga, na wakazi wake waliwinda wanyama wa pande zote mbili. Bahari nayo haikuwahi kwenda mbali: pwani yetu inateremka ghafla kwenye kina kirefu, kwa hiyo hata maji yalipopungua duniani kwa sababu ya barafu ya nchi za baridi, ufukwe ulisogea kidogo tu. Pamoja na hayo, dalili za watu hawa kula vya baharini ni haba. Walikuwa watu wa msituni waliojua njia ya kwenda pwani.

Mwaka 2013, karibu mita tatu chini ya sakafu ya leo, wachimbaji waliona kipande cha mfupa. Hawakujua ni cha nini. Ilipofika 2017 walikuwa wamefichua shimo dogo la mviringo lililojaa mifupa iliyooza mno, kiasi kwamba ukiigusa inageuka vumbi. Basi hawakuigusa. Waliizungushia plasta, wakalitoa bonge zima kama lilivyo na kulipeleka Nairobi, na baadaye likasafirishwa hadi kituo cha utafiti wa chimbuko la binadamu kilichopo Burgos, Hispania, kwa timu ya María Martinón-Torres. Huko walilifungua kwa miezi mingi, punje kwa punje, huku wakilipiga picha za ndani kwa mashine. Meno mawili ndiyo yaliyotoa siri: ni ya mtu, na ni ya mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu. Kisha ukajitokeza uti wa mgongo, ukiwa bado umepangika, na fuvu, na taya. Watafiti wakampa jina la Kiswahili, Mtoto, na ndilo alilochapishwa nalo katika jarida la Nature tarehe 5 Mei 2021.

Msomaji mwenye shaka, na shaka ni nzuri, atauliza: wamejuaje kwamba alizikwa? Mtoto angeweza kufia pangoni akafunikwa na vumbi. Jibu lilitafutwa kwa hadubini na kwa kemia. Udongo uliojaza shimo haufanani na ule unaolizunguka. Umechanganyika, jinsi udongo unavyochanganyika ukichimbwa kisha ukarudishwa. Mifupa haikutawanywa na fisi wala maji, ilibaki kwenye maungio yake, na alama za uozaji zinaonyesha kwamba mwili uliozea pale pale, ukiwa umefukiwa ungali mzima. Mtoto alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa hadi kifuani.

Halafu kuna mambo mawili madogo ambayo, kwa maoni yangu, yana uzito kuliko yote. Mtulinga na mbavu za juu zilikuwa zimegeuka kwa namna inayotokea mwili unapofungwa kwa kubana, kwa ngozi au majani au kitu kingine kilichokwisha kuoza. Na fuvu lilikuwa limeinama kwa namna inayotokea kichwa kinapowekwa juu ya kitu laini ambacho baadaye huoza na kuacha nafasi. Kwa maneno mengine, kuna mtu aliyemfunga mtoto huyu, na kuna mtu aliyemtilia mto.

Muislamu wa Malindi akisoma habari za ubavu wa kulia na mwili uliofungwa atakumbuka mara moja mazishi aliyohudhuria. Namwomba asiharakishe. Kati ya Mtoto na dini yoyote tunayoijua kuna pengo la makumi ya maelfu ya miaka, na mwili uliokunjwa magoti kifuani si mazishi yetu. Sayansi haituambii waliomzika waliamini nini. Inatuambia walitenga muda, wakachimba, wakafunga, wakalaza, wakafukia. Kwa watu waliokuwa wakihangaikia chakula cha siku ileile, hiyo si kazi ndogo.

Umri wa kaburi nao haukubahatishwa. Kipimo cha kaboni ambacho wengi wamekisikia hufika ukingoni kwenye miaka 50,000 hivi, kwa hiyo ilibidi kuuliza mchanga wenyewe. Chembe ya mchanga ikikaa gizani hupokea mnururisho hafifu kutoka kwenye madini ya udongo unaoizunguka, na nguvu hiyo hujilimbikiza ndani yake mwaka hadi mwaka, kama simu iliyochomekwa chaji. Mwanga wa jua huimaliza chaji yote kwa muda mfupi. Ndiyo maana sampuli huchukuliwa kwa uangalifu isipatwe na mwanga na kufunguliwa katika maabara yenye giza. Chembe zinapomulikwa hutoa mwako mdogo. Kadiri mwako ulivyo mkubwa, ndivyo chembe zilivyokaa gizani muda mrefu. Simon Armitage wa Chuo Kikuu cha London aliifanya kazi hiyo, na hesabu ikatoa miaka 78,300, ikipungua au kuzidi kwa 4,100. Tukikadiria kizazi kimoja ni miaka 25, kati ya mama yake Mtoto na mama anayekwenda sokoni Kilifi leo kuna vizazi zaidi ya 3,000.

Hili ndilo kaburi la binadamu wa aina yetu la kale zaidi linalojulikana barani Afrika. Duniani si la kwanza: mapango ya Skhul na Qafzeh, Mashariki ya Kati, yana makaburi ya zaidi ya miaka 90,000. Linalolifuata kwa ukaribu Afrika ni la Border Cave, Afrika Kusini, la miaka kama 74,000, na humo pia amelazwa mtoto mchanga, pamoja na kombe la baharini lililotobolewa. Watoto wawili. Labda ni sadfa, kwa kuwa makaburi yenyewe ni machache. Labda kifo cha mtoto kiliwaumiza watu wale kuliko kifo cha mzee. Mzazi aliyewahi kuzika mwana hahitaji makala ya kisayansi kumwambia ni lipi linaloelekea kuwa kweli.

Tukirudi kwenye rangi: matabaka ya Panga ya Saidi yametoa vipande vya ngeu, ile ile ambayo maseremala wetu wa zamani walitumia kupigia mstari kwenye mbao. Vingine vimesuguliwa kupata unga, vingine vimekwaruzwa mistari. Kumetoka pia shanga: moja ya kombe la baharini ina miaka kati ya 63,000 na 67,000, na baadaye sana zinafuata shanga za maganda ya mayai ya mbuni, ndege asiyekaa msituni. Huko Blombos, Afrika Kusini, kijiwe chenye mistari tisa iliyochorwa kwa ngeu kimepimwa na kupatikana kuwa cha miaka 73,000. Sanaa ya Kondoa imetokana na mkono wa namna hiyo hiyo na udongo wa namna hiyo hiyo, hata kama watu walikuwa mbalimbali. Waliokaa Dzitsoni huenda walijipaka wenyewe, au ngozi zao za kuvaa, na vitu hivyo havidumu.

Pango halikuhamwa. Mifupa ya mtu aliyeishi humo karne nne au tano zilizopita ilitoa vinasaba vilivyochapishwa mwaka 2017, na nasaba yake ikawa ni ya wawindaji, wenye udugu na Wahadza wa Ziwa Eyasi, isiyo na dalili ya kuchanganyika na wakulima. Yaani wakati wenyeji wa Gedi wanakula katika sahani za kaure ya China, mwendo wa siku chache tu kutoka hapo kulikuwa na mtu wa pango, wa ukoo wa kale ajabu. Huenda walikutana wakabadilishana asali na shanga. Hilo halimo katika vitabu vyetu vya darasani, ambavyo humtaja Mvulana wa Turkana aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984, na ni haki atajwe, lakini Mtoto wa Kilifi hana hata picha.

Tatizo ni kwamba jiwe lililomhifadhi Mtoto ni jiwe lenye bei. Chokaa hiyo ni malighafi ya saruji, na kila mwenye kujenga Mtwapa au Malindi anahitaji saruji, kokoto na mawe ya kuchonga. Sipingi ujenzi, nyumba hazijengwi kwa historia. Lakini mlima ukishasagwa haurudi, na mapango mengine ya vilima hivi hayajaguswa na jembe la mtafiti. Tumeshaonja hasara ya namna hii. Vigango vya Wagiriama, nguzo za ukumbusho wa wafu, viling'olewa usiku na kuuzwa Marekani, na jumba la makumbusho la Denver lilirudisha 30 tu baada ya majadiliano ya miaka.

Kwa hiyo, ewe msomaji wa Kilifi, kuna linalokuhusu. Ukichimba msingi, choo au timbo, na sururu ikagonga mifupa, vigae vya kale, shanga au mawe yaliyochongwa, simamisha kazi hapo hapo. Usivioshe, usivigawe, usimwite mnunuzi. Piga picha, funika pasipatwe na jua wala mvua, na upeleke habari Makumbusho ya Malindi au ofisi ya Gedi. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inakutaka uripoti, na wataalamu wa kuja kutazama wapo hapa hapa nchini.