Ngao ya Askofu: Alama ya Kazi, Si ya Majivuno

Katika barua za Askofu, na katika kashe ya shanselari, tunaona picha ya ngao. Nyuma yake msalaba umesimama. Juu yake kuna kofia ya kijani, na mashada ya nyuzi yananing'inia kuume na kushoto. Wakristu wa Butembo na Beni wanamwuliza katekista wao: Ile picha maana yake nini? Wengine wanafikiri ni pambo tu, wengine wanasema ni majivuno ya wakubwa. Inafaa sisi watumishi wa Eklezya tujue kuwajibu.

Desturi hii ilianza Ulaya katika karne ya 12. Mashevalye, ndio askari wapanda farasi, walivaa kofia ya chuma iliyofunika uso, wala hawakuweza kutambuliwa vitani. Basi kila mmoja alichora alama yake juu ya ngao. Na kusudi alama ionekane toka mbali, waliweka sheria: rangi isiwekwe juu ya rangi, wala dhahabu juu ya feza. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya ngao ni kusema: huyu ni nani.

Padri hapigani vita. Ndiyo maana mahali pa kofia ya chuma Eklezya iliweka kofia pana ya mapadri. Papa Inosenti IV aliwapa makardinali kofia nyekundu katika karne ya 13. Siku hizi kardinali ana mashada 15 kila upande, mekundu. Askofu mkuu ana 10 ya kijani, na msalaba wake una mikono miwili. Askofu ana 6 ya kijani, na msalaba wa mkono mmoja. Anayejua kuhesabu mashada anajua cheo, hata kama hajui kusoma.

Katika karne ya 20 mwalimu mkubwa wa elimu hii alikuwa Bruno Heim. Alizaliwa Olten, nchi ya Uswisi, mwaka 1911, akapata upadri mwaka 1938. Mwaka 1947 alitoa kitabu kwa Kijerumani juu ya desturi na sheria za ngao katika Eklezya. Miaka ile alitumwa Paris kumsaidia mjumbe wa Papa, Askofu Mkuu Roncalli. Roncalli alipochaguliwa kuwa Papa Yohane XXIII, mwaka 1958, ni Heim aliyechora ngao yake. Alichora tena ngao za Paulo VI, Yohane Paulo I na Yohane Paulo II. Yohane XXIII na Yohane Paulo I walikuwa wote wawili mapatriarka wa Venezia mbele ya kuwa Papa; kwa sababu hiyo ngao zao zina simba wa Mtakatifu Marko, msimamizi wa mji ule.

Lakini tusidhani Heim alishinda mezani na rangi zake tu. Kazi yake ilikuwa kuwakilisha Baba Mtakatifu: katika nchi za Skandinavia, kisha Misri, na tangu mwaka 1973 Uingereza. Huko, mwaka 1982, akawa pro-nunsyo wa kwanza. Alifariki mwaka 2003. Elimu ya ngao aliitumikia pembeni ya kazi kubwa, naye aliitunza kwa sheria.

Sheria yenyewe ilirahisishwa. Kwa agizo la Roma la mwaka 1969, maaskofu wanaweza kutumia ngao, lakini mitra na fimbo ya kichungaji ziondolewe katika ngao. Mapambo yapungue, alama ibaki.

Tuje kwetu. Vikarieti ya Beni ilipewa Askofu Piérard mwaka 1938, ikawa diosezi mwaka 1959. Mwaka 1966 ilimpata Askofu Emmanuel Kataliko, na mwaka uliofuata ikaitwa Butembo-Beni. Mwaka 1997 Kataliko alifanywa Askofu Mkuu wa Bukavu. Kwa sheria ya ngao, mashada 6 yakawa 10. Je, mashada yale yalimpa raha? Hapana. Februari 2000 wakubwa wa waasi walimfukuza Bukavu, kwa sababu alisema wazi mateso ya watu. Akakaa Butembo miezi mingi. Aliruhusiwa kurudi mwezi wa Septemba, na mwanzo wa Oktoba akafia Roma. Hapa tunaona wazi: mashada yakiongezeka, mzigo unaongezeka. Ngao ya mchungaji haimkingi yeye. Inaonyesha kwamba amewekwa kuwa mbele ya kondoo.

Tuseme neno moja juu ya mashevalye wa leo. Papa anaweza kumpa heshima mlei aliyetumikia vema, kama katika Shirika la Mtakatifu Gregori, lililoanzishwa mwaka 1831, ao lile la Mtakatifu Silvesta. Pembeni ya mashirika yake mwenyewe, Roma inatambua mawili tu: la Malta na la Kaburi Takatifu. Sekretarieti ya Vatikano ilikumbusha jambo hilo mwezi wa Oktoba 2012, kwa sababu wako watu wanaounda mashirika yao wenyewe na kugawa vyeo visivyo na kitu. Mkristu akiletewa cheti cha ushevalye na kuombwa feza, asilipe. Aende kwanza kwa padri wake, naye padri aulize kwa Askofu. Heshima ya kweli hainunuliwi.

Basi katekista akiulizwa, ajibu kwa maneno machache: Ngao inasema nani anatuandikia, na kofia inasema amepewa kazi gani. Kama anaifanya vema, hiyo haichorwi katika ngao. Inaonekana katika maisha yake.