Fahamu: Kwa nini wachezaji wa chuo wana kinyozi wao na ukumbi wa sinema

Mwaka 2017, Clemson, chuo kikuu cha umma katika jimbo la South Carolina, Marekani, kilifungua jengo la timu yake ya futiboli ya Kimarekani lililogharimu dola milioni 55. Vyumba vya mazoezi na matibabu vimo, bila shaka. Lakini kuna pia bolingi, gofu ndogo, kinyozi, ukumbi wa sinema, chumba cha kujipumzisha kwa usingizi na, ajabu zaidi, mtelezo wa kushukia ghorofa ya chini.

Anasa hii ina hesabu yake. Kwa miongo mingi NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kilikataza wachezaji kulipwa mshahara. Fedha za televisheni, tiketi na wafadhili zilimiminika, ila kijana mwenye kipaji hakuruhusiwa kupewa mkononi. Basi akashawishiwa kwa majengo.

Tangu 2021 wachezaji wanaweza kulipwa kwa matangazo, na tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa moja kwa moja, kikomo kikiwa takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Fedha hizo ni za michezo yote, ingawa futiboli ndiyo inayomega fungu kubwa.