Hodi Kabla ya Dodoso

Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Waikato, Nyuzilandi, wakiongozwa na Russell Bishop, waliketi na wanafunzi wa sekondari wa Kimaori, jamii asilia ya nchi hiyo, wakawauliza ni nini kinachowasaidia kujifunza na ni nini kinachowakwamisha. Swali hilohilo wakawauliza wazazi, wakuu wa shule na walimu. Vijana, wazazi na wakuu wa shule walitaja kwanza jambo moja: namna mwalimu na mwanafunzi wanavyohusiana darasani. Walimu wengi walitaja mtoto mwenyewe na kwao: umaskini, utoro, nyumba isiyojali elimu.

Mimi naona tofauti hiyo ni nzito kuliko jedwali lolote la alama. Mwalimu anayeamini kwamba tatizo lote limetoka nyumbani amebaki mikono mitupu, kwa kuwa nyumba ya mtoto haimo katika uwezo wake. Anayeamini kwamba sehemu yake imo katika jinsi wao wawili wanavyokutana ana pa kuanzia kesho asubuhi.

Masimulizi ya vijana hao yalizaa mradi ulioitwa Te Kotahitanga, ambao hadi unafikia tamati mwaka 2013 ulikuwa umepita katika shule nyingi. Mwalimu aliyeingia humo alitakiwa kwanza aache kabisa maelezo ya kumlaumu mtoto na ukoo wake. Kisha mwezeshaji alikaa nyuma ya darasa na kuandika: nani ameulizwa, nani amejibu, mwalimu amesimama karibu na nani na mbali na nani. Baada ya kipindi wawili hao waliketi kuyajadili aliyoyaandika. Nalisisitiza hili kwa sababu wengi wakisikia neno uhusiano hudhani ni upole tu. Mradi ule ulidai mwalimu amjali kijana kama Mmaori, na papo hapo amtarajie afike mbali kimasomo. Kumwonea mtoto huruma na kumpa kazi nyepesi ni kumdharau.

Wakosoaji walisema mradi unawatwisha walimu mzigo ambao kwa sehemu ni wa umaskini na wa sera. Hoja hiyo ina haki yake. Mwalimu mwenye wanafunzi themanini darasani hawezi kumjua kila mmoja kwa nia njema peke yake. Anahitaji muda, na muda huo lazima upangwe kwenye ratiba na mtu mwenye mamlaka.

Upo pia upande wa mtafiti. Linda Tuhiwai Smith, msomi wa Kimaori, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1999, Decolonizing Methodologies, jinsi utafiti ulivyotumika kama mkono wa ukoloni. Wamaori wana msemo, kanohi kitea, yaani uso unaoonekana: anayetaka habari za watu aonekane kwao, kwenye furaha na misiba, si siku ya kukusanya takwimu tu. Uhusiano wenyewe wanauita whanaungatanga, nasi tungesema udugu. Sisi tuna hodi. Mgeni hapiti mlangoni kabla ya kusikia karibu, wala hatoki bila kuaga.

Nimezungumza na vijana wa kijiweni waliojaza dodoso baada ya dodoso, na hawajui hata majibu yao yaliishia wapi. Dodoso la mwisho walilijibu kwa kuandika wanachodhani mgeni anataka kusikia. Takwimu za namna hiyo zinaandikiwa ripoti na kupangiwa bajeti.

Mwalimu unayesoma haya, wiki hii mwombe mwenzako akae nyuma ya darasa lako aandike majina ya uliowauliza na ambao hukuwauliza. Na wewe mtafiti, kabla ya kuwasilisha ripoti yako mjini, rudi kijiweni uwasomee vijana ulichoandika juu yao, nao wakukosoe.