Sehemu ngumu ya wimbo haishindwi kwa kuanza upya

WENGI wanaojifunza ala za muziki, kila wakwamapo katikati ya wimbo, hurudi mwanzo. Matokeo yake, mwanzo hunoga na sehemu ngumu hubaki vilevile, hadi siku ya onyesho inapowaumbua.

Mfano ni udi, ala ya taarabu ambayo shingo yake, tofauti na ya gita, haina vipande vya chuma vya kuongoza vidole. Kidole kikiteleza kidogo tu, sauti huharibika. Katika samai, muziki wa ala ambao kwa kawaida huenda kwa duru ya mapigo 10, kuchelewa kidogo humpoteza mpigaji.

Dawa ni kukitenga kipande kinachosumbua, pengine sauti tano au sita, na kukipiga polepole kiasi cha kutokosea. Kikitoka sawasawa mara kadhaa mfululizo, kasi huongezwa kidogo. Kosa likijitokeza, kasi ipunguzwe, kwa kuwa vidole huzoea kosa kama vinavyozoea usahihi.

Hatua inayosahaulika ni kuunganisha. Kipande hicho sharti kipigwe pamoja na sauti zinazokitangulia na zinazokifuata, maana wengi hukwama wakati wa kukiingia.

Aidha, dakika 15 kila siku hufaa kuliko saa nyingi za siku moja, kwani ubongo huimarisha ulichojifunza wakati wa usingizi.