Kaka Amekujazia Fomu ya Marekani? Usiuze Ng'ombe Bado

Siku hizi tunapata ofisini watu wenye swali moja. Mtu ana kaka au dada yake Marekani, na huyo ndugu amepiga simu akasema, "Nimewajazia fomu, wewe, bibi yako na watoto." Basi nyumba nzima inaanza kuhama kwa moyo. Baba mmoja ameacha kulipa karo ya kijana wake wa sekondari, ati atasomea huko majuu. Mwingine ameshamwonyesha mnunuzi mipaka ya shamba. Ndiyo sababu nimeona tulieleze jambo hili polepole.

Njia yenyewe ni ya kweli, si maneno ya matapeli. Sheria ya Marekani inamruhusu raia wa nchi hiyo aliyefikisha miaka 21 kumwombea kaka au dada yake viza ya kuhamia. Ndugu huyo anaweza kwenda na mume au mke wake, na watoto wake ambao hawajafika miaka 21 na hawajaoa wala kuolewa. Fomu inaitwa I-130. Kila ndugu anajaziwa ya kwake, na familia yake inabebwa ndani ya hiyo hiyo moja.

Angalieni hilo neno raia. Aliye na kadi ya kijani tu anaweza kumwombea mke, mume, au mtoto ambaye hajaoa, lakini kaka yake hawezi. Ni lazima kwanza ale kiapo cha uraia, na kwa kawaida hiyo inataka miaka mitano ya kukaa na kadi. Zamani Wakenya wengi walikiogopa kiapo hicho kwa kuwa walipoteza uraia wa hapa. Tangu Katiba ya mwaka 2010, Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kuchukua wa nchi nyingine.

Shida kubwa ni foleni. Kwa kundi hili la ndugu, sheria imetenga viza 65,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, na katika hesabu hiyo wamo pia wake, waume na watoto. Mtu mwenye mke na watoto wanne anachukua viza sita. Kila ombi hupewa tarehe ya siku lilipopokewa, na hiyo tarehe ndiyo nafasi yako kwenye foleni. Kila mwezi Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hutangaza foleni imefika wapi. Mwaka 2025, kwa nchi kama yetu, walikuwa wanafikiwa watu ambao fomu zao zilipelekwa mwaka 2007. Hesabu mwenyewe: ni miaka 18. Anayejaziwa leo asitegemee kungoja muda mfupi kuliko huo.

Kuna barua inayowachanganya watu sana. Baada ya muda, idara ya uhamiaji huandika kwamba ombi limekubaliwa. Watu hulia kwa furaha, na wengine huchinja. Lakini barua hiyo inasema tu kwamba wameamini ninyi ni ndugu. Viza bado iko mbali, na mwenye barua hana ruhusa ya kwenda kungojea kule. Tena akiomba viza ya matembezi ataulizwa kama kuna mtu aliyewahi kumwombea kuhamia, na ni lazima aseme ndiyo. Jibu hilo linaweza kumfanya afisa ashuku kwamba hatarudi.

Sasa tuje kwa watoto, maana hapa ndipo penye machozi. Mama mmoja ninayemfahamu aliombewa na kaka yake mwaka 2007, na ombi likakubaliwa mwaka 2010. Wakati wa kupeleka fomu, binti yake wa kwanza alikuwa na miaka 8 na kijana wa pili miaka 3. Kitinda mimba alizaliwa mwaka 2011. Huyo wa mwisho hana shida, kwa sababu mtoto anayezaliwa katika kungoja anaingia. Hata ndugu akioa akiwa kwenye foleni, mke wake anaingia pia, mradi wawe na cheti cha ndoa. (Wale wanaoishi tu pamoja, shughulikieni cheti mapema. Na mwenye wake wawili ajue kwamba Marekani haitambui ndoa ya wake wengi.)

Zamu ya mama huyu ilifika mwaka 2025. Binti alikuwa na miaka 26, kijana 21. Alidhani wote wawili wameachwa. Lakini iko sheria ya mwaka 2002 ya kuwalinda watoto kama hawa. Unachukua umri wa mtoto siku viza ilipopatikana, unatoa muda ambao fomu ilikaa ofisini kabla ya kukubaliwa. Hapa fomu ilikaa miaka mitatu. Kijana, 21 toa 3, anahesabiwa kuwa na miaka 18, kwa hiyo anakwenda, mradi hatua ya kuomba viza ichukuliwe kabla mwaka mmoja haujapita. Binti, 26 toa 3, ni 23. Anabaki.

Mwone jinsi mambo yalivyo kinyume. Ofisi ikichelewa kukubali ombi, mtoto anafaidika, kwa maana muda huo wote anapunguziwa. Lakini miaka ya kungoja foleni baada ya ombi kukubaliwa haimpunguzii hata siku moja. Kwa hiyo mwenye watoto wadogo asisumbuke sana akiona majibu yanakawia.

Je, binti huyo anaweza kushika nafasi ya zamani ya mama yake? Mwaka 2014 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani iliamua kwamba watoto wa namna hii hawaibebi. Mama akishafika na kupata kadi ya kijani anaweza kumwombea upya, lakini kwa foleni nyingine ya miaka mingi. Na binti akiolewa wakati mama bado hajawa raia, ombi hilo linakufa. Hata wale wadogo, mtoto wa miaka 19 akiolewa kabla ya safari ametoka kwenye orodha. Mara ya mwisho nilipomwona mama huyu alikuwa hajaamua kama atakwenda.

Jambo lingine ni hili neno letu ndugu. Kwetu mtoto wa baba mdogo ni kaka, na hakuna anayeuliza zaidi. Kwa sheria ile, ni lazima muwe na angalau mzazi mmoja pamoja. Watoto wa mama mmoja, ushahidi wake ni rahisi. Watoto wa baba mmoja na mama mbalimbali wanaweza kukubaliwa, lakini wataulizwa karatasi nyingi zaidi kuhusu baba na ndoa zake. Binamu haingii kabisa. Najua kuna watoto waliolelewa kwa nyanya, wakaandikishwa kwa jina la mjomba ili wapate shule. Lilifanywa kwa wema, lakini usilifanye kuwa ushahidi mbele ya afisa wa ubalozi. Wanaweza kupendekeza mpimwe damu, na mtu akipatikana amedanganya anaweza kufungiwa mlango maisha yake yote.

Wengi wetu tuliozaliwa mashambani tulichukua vyeti vya kuzaliwa tukiwa watu wazima, na cheti cha kuchelewa huleta maswali. Hapo cheti cha ubatizo kinasaidia, hasa kama ulibatizwa kabla ya kutimiza miezi miwili. Nenda parokia uliyobatizwa, si ile unayosali sasa, uombe nakala yenye mhuri. Linganisha majina ya wazazi na yale yaliyo kwenye cheti cha kaka yako. Wanjala wa huku na Wanjalla wa kule, kwa afisa, ni watu wawili.

Kuhusu pesa, ada ya fomu hulipwa na ndugu aliye kule. Tangu Aprili 2024 ni dola 625 kwa anayejaza kwa kompyuta na dola 675 kwa karatasi. Hakuna wakala wa mjini anayeweza kukusogeza mbele kwenye foleni, hata ukimpa nini. Zamu ikifika, ndugu yako atatia sahihi hati ya kuwadhamini, aonyeshe mapato yasiyopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha serikali yao, akihesabu nyumba yake pamoja na ninyi mnaokuja. Hati hiyo inamfunga kisheria mpaka muwe raia au mfanye kazi kama miaka kumi. Kwa hiyo akisita, msikimbilie kusema ana roho mbaya. Na akifariki kabla hamjasafiri, kwa kawaida ombi linakufa naye, ingawa jamaa mwingine wa karibu anaweza kujitokeza kudhamini na mkaomba lifufuliwe kwa huruma.

Simu na sanduku la posta hubadilika katika miaka 18. Mwambieni ndugu yenu kila mnapohama. Wakiwaarifu kwamba viza ipo na mwaka ukapita bila ninyi kufanya lolote, ombi linaweza kufutwa.

Yule baba wa karo, tulikaa naye na kalamu. Fomu yake ilipelekwa mwaka 2024, kijana akiwa na miaka 16. Foleni ikiwa miaka 18, kijana atakuwa na 34. Hata fomu ikikaa ofisini miaka minane, ni 26. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kama shule bado inapokea karo kwa M-Pesa.