UKUTA WA MMEA UNA MLINZI

Darasani tunakariri kwamba kazi ya ukuta wa seli ya mmea ni kuipa seli umbo, basi. Jibu hilo lina maksi zake, silikatai, ila limeacha nusu ya habari.

Ndani ya seli maji husukuma kwa nguvu inayoweza kushinda ile ya upepo katika gurudumu la gari. Seli haipasuki kwa sababu imezingirwa na ukuta wa nyuzi za selulosi. Lakini ikitaka kukua, sharti iulegeze ukuta huo huo. Je, itajuaje kwamba imelegeza kupita kiasi?

Mwaka wa 2007 watafiti huko Ufaransa walitoa jibu la ajabu. Walikuwa na arabidopsisi, kijimea cha ukoo mmoja na sukuma wiki, chenye jeni mbovu ya kutengeneza selulosi. Miche yake ikioteshwa gizani ilibaki mifupi. Mimi ningesema mara moja: ukuta dhaifu, utarefukaje? Wao wakaharibu jeni nyingine ya pili, na miche ikarefuka kwa kiasi, ingawa selulosi haikuongezeka hata kidogo! Kumbe mmea ulikuwa ukijizuia wenyewe. Katika utando wa seli mna protini iliyochungulia ukutani kwa upande mmoja na ndani ya seli kwa upande wa pili. Ikihisi ukuta una hitilafu huamuru ukuaji usimame, na lignini, ile inayoufanya mti kuwa mgumu, iongezwe.

Mmea mfupi uliitwa Procuste, jambazi wa hadithi za Wayunani aliyewakata wageni miguu watoshe kitandani. Protini nayo ikaitwa Theseus, shujaa aliyemuua. Wanasayansi nao wana utani wao!

Theseus ana ndugu, Feronia, anayeshikana na pektini ya ukutani, ile ile inayogandisha jemu. Huyu ndiye anayepaswa kumhusu mkulima ambaye shamba lake limeingia chumvi, maana chumvi hudhoofisha ukuta. Mbiu ya mgambo hapo ni kalsiamu, ambayo Feronia huifanya iingie ndani ya seli ili ukuta utengenezwe. Mwaka wa 2018 ilionyeshwa kwamba mizizi isiyo na Feronia, ikiwa katika chumvi, huanza kukua tena, kisha baadhi ya seli zake zinapasuka.